Daftari Lililomjua Weita

"Anko, hoteli ikifungwa, wale waliokuwa wakihudumu ndani huenda wapi?"

Ai! Hilo ni swali la mtu mzima. Sisi tumekula kwenye hizo hoteli miaka nenda miaka rudi, tukafuta midomo, tukaondoka, wala hatukuuliza. Wewe umeuliza kabla hujamaliza chipsi zako. Vizuri sana. Sogeeni basi, wapwa zangu. Nitawajibu kwa hadithi, na msimulizi hatakuwa mimi. Atakuwa daftari.

"Daftari linaongea?"

La Kayole linaongea. Nyamazeni tu, mtalisikia.

Kwanza niwakumbushe jambo. Mwaka 2020 wengine wenu mlikuwa mnatambaa. Wengine hamkuwa mmezaliwa hata kidogo. Ugonjwa wa Korona ulikuwa umeenea dunia nzima, na tarehe 13 Machi waziri wa afya, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Kenya. Tangu siku hiyo mambo yalikwenda mbio. Shule zikafungwa. Baa zikafungwa. Hoteli zikaambiwa zipike, lakini mteja achukue chakula aende kula kwake. Halafu tarehe 27 Machi ikaanza kafyu. Kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mtu asionekane nje.

Sasa niambieni, watu wa mjini hukaa hotelini saa ngapi? Jioni, wakitoka kazini. Na jioni yenyewe ndiyo hiyo imefungwa.

Haya, daftari. Sema.

Mimi ni daftari la madeni. Jalada langu lilikuwa la buluu, siku hizi halina rangi. Naishi chini ya kaunta ya duka moja la mtaa wa Kayole, Nairobi, kati ya mizani na kopo la peremende. Kalamu yangu imefungwa kwa uzi, maana kalamu isiyofungwa hapa mtaani haikai siku mbili. Kazi yangu ni kukumbuka. Mama mwenye duka anaweza kusahau. Mimi sisahau.

Namjua weita mmoja. Alikuwa akipita mbele ya duka kabla ya jua kutoka, shati jeupe, suruali nyeusi, viatu vimepigwa rangi mpaka vinameta. Anapanda matatu, anashika Jogoo Road, anaingia mjini. Kwangu alikuwa na mistari michache tu. Mkate. Maziwa. Ikifika Jumamosi mistari yote inakatwa, kwa sababu amelipa. Ukurasa wake ulikuwa msafi mpaka nikauonea fahari.

Mwisho wa Machi alirudi mapema. Jua bado liko juu, naye amerudi! Mama mwenye duka akamuuliza, "Leo vipi?" Akasema meneja amewaita wote jikoni, wapishi, maweita, waosha vyombo, akawaambia: "Nendeni nyumbani kwanza. Tutawapigia simu."

"Daftari, alifutwa kazi?"

Hapana. Hakuna aliyetamka neno kufutwa. Walisema tutawapigia.

"Walipiga?"

Subiri, mtoto mzuri. Nami nilisubiri.

Ukurasa wake ukaanza kujaa. Unga pakiti moja. Mafuta ya kupima, ya shilingi ishirini. Kipande cha sabuni. Unga tena. Halafu siku moja mama mwenye duka akaniandika: chumvi. Nikashtuka. Nimeandikwa mambo mengi, lakini mtu akikopa chumvi ujue nyumbani kwake kumebaki kuta.

Tena kuna kitu ambacho watu hawakukihesabu. Weita alikuwa akila chakula cha mchana kazini. Na kikibaki chochote jioni, chapati mbili tatu ziliingia kwenye mfuko zikaja Kayole kwa watoto. Kwa hiyo siku kazi iliposimama hakupoteza mshahara peke yake. Alipoteza bakshishi za wateja, akapoteza sahani yake, na watoto wakapoteza zile chapati. Hayo yote yalihamia kwangu, mstari kwa mstari.

Baada ya weita akaja mpishi. Akaja mwosha vyombo. Akaja mlinzi aliyekuwa akifungua geti la hoteli. Akaja hata mama mboga wa pale kona, maana weita alikuwa mteja wake wa sukuma wiki na sasa hanunui. Nikawa mzito! Na mama mwenye duka akikaa usiku akinifungua, hesabu haziendi. Yule anayemletea unga wa jumla hataki kusomewa daftari. Anataka pesa taslimu.

Nyamaza kidogo, daftari. Naona mkono umeinuliwa.

"Anko, kwa nini hakwenda ushago? Kwa cucu kuna mahindi."

Umefikiri vizuri kabisa. Miaka yote, maisha ya Nairobi yakikaza, mtu wa Eastlands hufunga godoro, hupakia sufuria, huenda zake nyumbani kwao mpaka hali itulie. Lakini tarehe 6 Aprili serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka eneo la Nairobi, ili ugonjwa usipelekwe kwa cucu. Marufuku hiyo ilikaa hadi tarehe 7 Julai. Miezi mitatu! Nia ilikuwa njema, lakini kimbilio la zamani la mtu aliyekosa kazi mjini likawa limezibwa.

"Na sheria je? Mwalimu alisema kuna sheria."

Mwalimu hakudanganya. Ipo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 40 kinasema mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa sababu kazi yenyewe imeisha, ampe mtu notisi ya mwezi mmoja, na amlipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza kazini. Haya, tupige hesabu. Weita amefanya kazi miaka minne. Siku kumi na tano mara nne?

"Sitini!"

Siku sitini. Ungekuwa unga wa kutosha kwa muda. Lakini mmesikia meneja alisema nini? Hakusema nimekupunguza. Alisema tutakupigia. Mtu anayengoja kupigiwa hajafutwa, na ambaye hajafutwa halipwi zile siku sitini. Yuko katikati, kama hayuko popote. Mimi nasema hilo "tutakupigia" lilikuwa neno la bei nafuu kuliko yote yaliyosemwa mwaka huo. Sitasema kila mwenye hoteli alikuwa mjanja. Wengi nao walikuwa na kodi ya jengo, stima na mkopo wa benki, na kwenye kaunta hakuna hata sarafu. Lakini aliyebeba mzigo mpaka Kayole alikuwa weita.

Tena wengi hawakuwa wameandikwa popote. Walikuwa vibarua. Unafika asubuhi, unafanya, unalipwa jioni, kesho ni kesho. Sheria hiyohiyo inasema kibarua akiendelea na kazi mfululizo mpaka itimie mwezi mmoja, ahesabiwe mwajiriwa kama wengine. Wangapi walilijua hilo? Chama cha wafanyakazi wa hoteli kipo, kinaitwa KUDHEIHA, na kinapigania watu. Lakini chama hupigania wanachama wake, na kibarua wa hoteli ndogo mara nyingi si mwanachama wa chochote isipokuwa chama chao cha kuchangiana, merry-go-round, pale ploti.

"Serikali haikusaidia?"

Ilisaidia. Na hapa ndipo ninapotaka mfungue masikio.

Mnaijua ploti yenye mfereji mmoja uani? Siku maji yakija, kila mtu hutoka na mtungi wake. Maji yakija! Lakini maji hayatembei kwa miguu. Hupita kwenye paipu. Kanjo wanaweza kufungulia maji mengi mpaka yamwagike barabarani, na kama ploti yenu haijaunganishwa, mitungi yenu itabaki mikavu. Mmeshika? Basi kila nikiwatajia msaada, nyinyi niulizeni: paipu yake iko wapi?

Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mtu yeyote anayepata mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi asikatwe kodi hata shilingi moja. Jambo zuri. Niulizeni basi.

"Paipu yake iko wapi?"

Kwenye mshahara! Ukiwa bado unalipwa, unaona nafuu. Weita wetu halipwi. Kodi ya mshahara usiokuwepo ni ngapi? Sufuri. Ukimsamehe sufuri umempa nini?

"Sufuri."

Msidhani ni Kenya pekee. Kule Uingereza serikali ilibeba asilimia 80 ya mshahara wa mfanyakazi aliyerudishwa nyumbani, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi. Pesa nyingi. Ziliokoa maweita wengi wa London. Zilipita wapi? Kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri. Huko nao, ambaye jina lake halikuwa kwenye orodha alibaki akitazama. Lakini huko orodha zilikuwa ndefu, na huku kwetu zilikuwa fupi. Kenya haikuwa na mfuko wa kumlipa mtu aliyepoteza kazi. Ilibidi paipu zitengenezwe kiangazi kimeshaanza.

Serikali ikaanza kutuma pesa kwa simu kwa familia maskini za mitaa ya mabanda hapa Nairobi, shilingi 1,000 kwa wiki. Paipu ilikuwa majina yaliyokusanywa mitaani. Na majina yakikusanywa na watu, mtu huanza na anayemjua. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti likisema familia zilizofikiwa zilikuwa chache mno, na kwamba upendeleo uliingia. Wapo waliopata. Wapo waliokaa wakitazama simu kama weita alivyokuwa akiitazama ya kwake.

"Si wangekuja wachukue daftari? Daftari linajua wote!"

Ehe! Mmesikia huyu? Daftari, unasemaje?

Mimi nasema mtoto huyu ana akili. Kweli, nilikuwa na majina yote. Nilijua nani amepoteza kazi wiki gani, ana watoto wangapi, amefika hatua ya chumvi au bado yuko kwenye maziwa. Wazee wa mtaa walizunguka wakitafuta majina ya orodha, nami nimelala pale chini ya kaunta nimeshiba majina. Lakini afadhali hawakunichukua. Weita alimwambia mama mwenye duka shida yake kwa sauti ya chini, akiwa ameinama kama anayechagua nyanya. Hakuiambia Kayole nzima. Mambo hayo hayapelekwi ofisini wala hayabandikwi ukutani.

Daftari limesema. Majina yangeandikwa mahali pengine, mapema, mchana kweupe: siku weita alipoajiriwa. Jina, nambari ya kitambulisho, mshahara, tarehe. Karatasi moja tu.

Kukaja paipu nyingine, hii nikaipenda zaidi. Iliitwa Kazi Mtaani. Ilianza mwishoni mwa Aprili 2020 kwenye mitaa ya mabanda, Mathare na Korogocho ikiwemo, na mwezi Julai ikapanuliwa nchi nzima ikachukua vijana zaidi ya 270,000. Wakazibua mitaro, wakafyeka vichaka, wakafagia vichochoro. Awamu hiyo ya pili kijana alilipwa shilingi 455 kwa siku, kwa zamu, na pesa zikaingia kwenye simu. Hakuna aliyesimamishwa foleni apokee mfuko wa unga huku akipigwa picha. Mtu alifanya kazi, akalipwa, akaenda dukani mwenyewe akachagua anachotaka.

"Weita alipata?"

Hakupata. Kazi hiyo ilikuwa ya vijana, nao ujana kwa hesabu ya serikali huishia miaka 35. Weita alikuwa ameshapita. Mwosha vyombo ndiye aliyepata. Mikono iliyozoea sabuni na sufuria ikashika koleo na toroli. Siku aliyolipwa mara ya kwanza alikuja dukani hajavua hata buti, akasema, "Mama, fungua kwangu." Daftari linaweza kuwaambia.

Niliona kwa macho yangu. Kalamu ilipita juu ya mistari mitatu. Unga, mafuta, kibiriti. Ule wa nne ulibaki, lakini aliondoka akipiga mluzi.

Sasa majirani. Msifikiri watu walikaa wakingoja serikali. Katikati ya Machi ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa iliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na ikabaki hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Kitu kidogo hicho, lakini Eastlands ni mtaa wa vitu vidogo. Mia mbili kutoka kwa binamu wa Dandora. Mia moja kutoka kwa mtu wa kanisani. Mia moja na hamsini kutoka kwa mteja wa zamani aliyekumbuka kuhudumiwa vizuri. Ada ingezing'ata njiani. Sasa zilifika nzima.

Wenye nyumba wengine walisamehe kodi ya mwezi. Wengine, Mungu anawaona, waling'oa milango na mabati mtu akiwa ndani.

Na ile merry-go-round ya ploti? Ilijaribu. Chama ni kizuri sana mmoja wenu akianguka. Tisa mliosimama mnamwinua. Lakini wakianguka saba kwa wiki moja, watatu waliobaki watamwinua nani? Hapo ndipo ujue jirani mwema hatoshi. Si kwamba moyo wake ni mdogo. Yeye na wewe mmenyeshewa na mvua ileile. Lazima awepo mkubwa zaidi, anayekusanya kidogo kidogo kutoka kwa wengi wakati wa neema, ili siku kama hii awe na cha kufungulia.

"Anko, walimpigia au hawakumpigia?"

Mmesubiri kwa adabu, mnastahili jibu. Mwishoni mwa Aprili hoteli ziliruhusiwa kufungua tena kwa masharti: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni, meza zitenganishwe, wafanyakazi wapimwe kwanza. Meza zikitenganishwa zinapungua. Meza zikipungua, maweita wanaohitajika wanapungua vilevile. Wetu hakuitwa kundi la kwanza. Aliitwa baadaye, siku tatu kwa wiki, na shati lake jeupe lilikuwa limeanza kuwa kubwa kwake.

Akafikiri yamekwisha. Tarehe 26 Machi 2021, rais akafunga tena Nairobi na kaunti nyingine nne. Baa zikafungwa, hoteli zikarudi kwenye chakula cha kubeba. Meneja akawaita tena jikoni. Mnajua alisema nini?

"Tutawapigia!"

Safari hii weita hakungoja. Mpishi aliyekuwa mwenzake alikuwa na jiko la makaa na karai. Weita alikuwa na nini? Alikuwa na mdomo mtamu, na kichwa kinachoshika oda za watu kumi bila kuandika. Wakaweka kibanda karibu na stegi. Mandazi asubuhi, chapati madondo mchana. Hoteli zilipofunguliwa tena Mei, yeye alipigiwa simu. Aliipokea akiwa na unga mpaka kwenye viwiko, akasema ahsante bosi, nitawajulisha.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila aliyefutwa akafungue kibanda. Wakubwa wanapenda sana hadithi hizo, mtu amejikwamua mwenyewe, makofi, mambo yamekwisha. Vibanda vingi vilifunguliwa mwaka huo na vingi vikafa, kwa sababu wote walikuwa wakiwauzia chapati watu wasio na pesa ya chapati. Na hiki je? Daftari, waambie.

Hiki kiliishi kwa sababu mama mwenye duka alikubali kuwapa unga wa wiki nzima kwa neno tu. Mtaji wa kibanda kile ulitoka hapa chini ya kaunta, ukurasa wangu wa mwisho, mwandiko umebanana mpaka kwenye jalada.

Asante, daftari.

"Anko, na sasa weita ameajiri mtu?"

Ameajiri kijana mmoja wa kuosha vyombo na kupeleka chakula kwa mafundi wa gereji. Siku ya kwanza alimkalisha kwenye kreti ya soda, akatoa karatasi, akaandika jina lake, nambari ya kitambulisho, tarehe, na malipo yake. Kijana akatia sahihi. Karatasi nyingine akampa aende nayo. Humlipa kwa simu, si mkononi, ili kuwe na ushahidi. Mpishi humcheka, anamwambia kibanda cha mabati manne kina ofisi ya wafanyakazi. Weita hajali.

"Anamlipa pesa ngapi?"

Hilo kamuulize mwenyewe. Lakini usiende saa saba mchana, maana saa hiyo ana foleni mpaka barabarani na hajibu mtu asiyenunua.